Cuthbert Ottaway, nahodha wa nafasi zilizobaki

Nahodha wa kwanza wa timu ya taifa ya Uingereza aliichezea nchi yake mechi mbili tu. Zote mbili zilipigwa Glasgow dhidi ya Waskoti, na hakushinda hata moja: sare ya 0-0 tarehe 30 Novemba 1872, kisha kipigo cha 2-1 tarehe 7 Machi 1874. Katika Kombe la FA alicheza fainali tatu mfululizo, akabeba kombe mara moja. Mwaka 1875 aliumia, na soka lake likaishia hapo. Miaka mitatu baadaye alifariki akiwa na umri wa miaka 27.

Cuthbert Ottaway hutajwa kwa sentensi moja kwenye historia za kandanda, jina na tarehe, basi. Kisa chake kinastahili zaidi ya hapo, kwa sababu kupitia kwake tunaona mchezaji wa ridhaa wa chuo kikuu enzi za Malkia Victoria aliishije hasa. Hoja yetu ni kwamba soka, kwa mtu kama Ottaway, lilipewa muda uliosalia baada ya mambo mengine yote kugawiwa wakati wake, na matokeo ya Glasgow hayaeleweki bila kuiangalia kalenda hiyo.

Alizaliwa Dover tarehe 19 Julai 1850. Baba yake, James Ottaway, alikuwa daktari wa upasuaji na aliwahi kuwa meya wa mji huo. Familia ilikuwa na uwezo wake, lakini haikuwa ya makabaila. Kijana aliingia Eton kwa akili zake, akiwa miongoni mwa wanafunzi 70 wa ufadhili wa mfalme, ambao shule hiyo imekuwa nao tangu kuanzishwa kwake. Jambo hili halitakiwi kupitwa haraka. Soka la wakati ule kwa sehemu kubwa lilikuwa linakaa ndani ya shule za bweni za kulipia, na kila shule ilikuwa na mchezo wake na sheria zake. Asiyepita huko mara nyingi hakuwa na mahali pa kujifunzia.

Eton ilimfundisha mchezo wa uwanja wao, ambao hadi leo huchezwa kwa mpira mdogo kuliko wa kawaida. Kiini chake ni kukokota. Mwenye mpira anausukuma mbele kwa miguu yake, mpira usiachane naye, huku wenzake wakimfuata nyuma kama kundi la nyuki. Akiupoteza, aliye karibu anauchukua na kuendelea nao mbele. Kumkwepa beki kwa kumpigia pasi mwenzako aliyesimama pembeni hakukuhesabiwa kuwa mchezo mzuri. Mtoto aliyekaa miaka sita katika utaratibu huo anatoka na miguu myepesi na jicho la kuuangalia mpira tu. Haoni mwenzake yuko wapi, kwa kuwa mwenzake amefundishwa kuwa mgongoni pake.

Mwaka 1869 Ottaway aliingia Chuo cha Brasenose, Oxford, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mengi. Alikiwakilisha chuo kikuu dhidi ya Cambridge katika michezo mitano: kriketi kila mwaka kuanzia 1870 hadi 1873, raketi (mchezo wa kupiga mpira ukutani), tenisi ya kale ya ndani ya kuta, riadha mwaka 1873, na soka mwaka 1874. Tazama soka lilivyokaa mwisho kwenye orodha hiyo. Uzembe haukuwa wake. Klabu ya soka ya Oxford ilianzishwa mwaka 1871, miaka miwili baada ya yeye kufika, na mechi ya kwanza ya soka kati ya Oxford na Cambridge haikuchezwa hadi tarehe 30 Machi 1874. Kriketi ilikuwa na mechi kama hiyo tangu 1827. Ukimuuliza Mwingereza wa mwaka 1872 Ottaway ni nani, angekwambia ni mpigaji wa kriketi, yule aliyefunga mikimbio 108 kwenye mechi ya Eton na Harrow mwaka 1869.

Sasa tuhesabu muda. Mwaka wa masomo wa Oxford una mihula mitatu, kila muhula wiki nane. Msimu wa soka ulikuwa kuanzia Oktoba hadi Machi, kwa hiyo mwanafunzi alipata mihula miwili ya baridi, wiki 16 kwa jumla. Ndani ya wiki hizo alikuwa na masomo na michezo mingine minne. Likizo ya Desemba kila mtu alirudi kwao, timu ikatawanyika. Muhula wa tatu ulikuwa wa kriketi. Hakukuwa na kocha, wala siku maalumu za mazoezi kama tunavyozielewa sisi. Mtu aliye tayari alifika uwanjani, akacheza, akarudi bwenini kuoga. Kwa mechi ya London walipanda treni kutoka Oxford hadi Paddington, karibu kilomita 100, na nauli ilitoka mfukoni mwa mchezaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni majira ya joto ya 1872. Agosti mwaka huo Ottaway alivuka Atlantiki na kikosi cha kriketi cha watu wa ridhaa kilichoongozwa na R. A. Fitzgerald, katibu wa klabu ya kriketi ya MCC ya London. Mwenzake wa kufungua mchezo alikuwa W. G. Grace, mpigaji mashuhuri kuliko wote wa karne ile. Walicheza Kanada na Marekani, mara nyingi wao 11 dhidi ya wenyeji 22, na Septemba walikuwa bado huko. Kisha tarehe 30 Novemba mtu huyohuyo alisimama Glasgow kama nahodha wa taifa katika soka.

Na unahodha wenyewe ulimfikia kwa njia ya mzunguko. Mpango mzima wa mechi ulikuwa wa Charles Alcock, katibu wa chama cha soka cha FA, ambaye alikusudia kuiongoza timu. Aliumia kabla ya siku kufika, ikambidi asimame pembeni kama mwamuzi wa upande wake, na kitambaa kikaenda kwa Ottaway, mwenye miaka 22.

Kikosi cha Uingereza kilikusanywa kutoka kila pembe. Oxford ilitoa watatu: Ottaway, Arnold Kirke Smith na Frederick Chappell. John Brockbank alitoka Cambridge. Charles Clegg alitoka Sheffield, Ernest Greenhalgh Nottingham, na waliobaki walitoka klabu za London na jirani zake. Hawakuwahi kucheza pamoja kama timu moja. Waskoti wote 11 walikuwa wanachama wa klabu moja, Queen's Park ya Glasgow.

Uwanja wa Hamilton Crescent, Partick, ulikuwa wa kriketi, na mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa kabla. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na watu wapatao 4,000 walijitokeza. Waingereza walivaa jezi nyeupe zenye nembo kifuani, kaptula nyeupe ndefu zilizofungwa chini ya goti, na kofia za bluu iliyoiva. Waskoti walivaa bluu yenye simba, na vichwani kofia nyekundu za kufuma. Viatu vilikuwa vya ngozi vya kawaida, vya kufunika kifundo. Sheria ilikataza misumari iliyochomoza na vyuma kwenye soli, kwa hiyo kwenye tope kama lile mchezaji aliteleza kila alipotaka kugeuka ghafla. Mpira wa ngozi ulinyonya maji na kuwa mzito kadiri dakika zilivyokwenda. Hapo anayekokota anaumia mara mbili: mpira hausogei vizuri na mguu hauna pa kushika.

Lango nalo halikuwa na mwamba wa juu. Palikuwa na miimo miwili yenye nafasi ya yadi nane katikati, na juu yake utepe uliofungwa futi nane kutoka ardhini. Waskoti walikaribia kufunga kwa shuti lililotua kwenye utepe. Mwamba wa mbao uliruhusiwa mwaka 1875 na kuwa lazima mwaka 1882.

Sheria nyingine za siku ile zinafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu mtu anayetazama kwa macho ya leo atadhani Waingereza walikuwa wapumbavu. Mchezaji alihesabiwa ameotea kama mbele yake, kati yake na mstari wa lango, hawakuwepo wapinzani watatu wakati pasi inapigwa. Leo ni wawili. Fikiria timu yenye kipa na mabeki wawili: hao tayari ni watatu, na ukimpita beki mmoja tu umeshaotea. Pasi ya mbele ilikuwa na nafasi finyu mno. Aliyekokota mwenyewe hakuweza kuotea, kwa kuwa mpira uko naye, wala waliomfuata nyuma hawakuweza kuotea. Ukokotaji wa Eton, kwa sheria ile, ulikuwa na mantiki kamili. Mpira uliotoka pembeni ulirushwa na mchezaji wa kwanza kuugusa, wa upande wowote, kwa hiyo kila ulipotoka watu walikimbizana kuufuata hadi miguuni mwa watazamaji. Mkwaju wa penalti haukuwepo, ulikuja 1891. Hakukuwa na mwamuzi mwenye kipenga katikati ya uwanja. Kila upande ulikuwa na mwamuzi wake, na asiyedai hakupewa kitu.

Uingereza ilipanga watu hivi: kipa, beki mmoja, mmoja mbele yake, na washambuliaji wanane. Waskoti walipanga mabeki wawili, viungo wawili na washambuliaji sita. Ripoti za wakati ule zinasema Waingereza walikuwa wazito kuwashinda Waskoti kwa karibu stone mbili kila mtu, yaani kilo 13 hivi, na wenye kasi zaidi. Ottaway alikuwa miongoni mwa wanane wa mbele, na alisifiwa kwa ukokotaji wake siku hiyo. Lakini wanane wanaokokota wanahitaji mtu wa nane ajue atakaa wapi pindi wa kwanza anapopoteza mpira, na ujuzi huo huja kwa kucheza pamoja. Wale hawakuwa nao. Mmoja alipita wawili watatu, akafika kwenye beki ya pili, akanyang'anywa, na aliyekuwa amfuate alikuwa amekwama kwenye tope hatua tano nyuma.

Waskoti walijua kwamba mmoja kwa mmoja hawawezi. Walicheza wawiliwawili: ubavu wa kulia wawili, katikati wawili, kushoto wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake mpira kabla mtu mzito hajamfikia. Hilo halikuwa wazo la asubuhi ile. Queen's Park ilianzishwa mwaka 1867, na wachezaji wake waliishi mji mmoja, wakikutana mara kwa mara kufanya mazoezi. Hawakuwa matajiri. Machi 1872 walisafiri kwa michango hadi London kucheza nusu fainali ya Kombe la FA na Wanderers, klabu ya London, wakatoka 0-0, kisha wakajitoa kwa sababu hawakuwa na fedha za kubaki kwa mechi ya marudiano. Walichokuwa nacho ni muda wa pamoja. Oxford iliwapa kina Ottaway kila kitu isipokuwa huo.

Robert Barker, kipa wa Uingereza, alibadilishana nafasi na William Maynard, na Barker akaenda mbele. Leo tungeona ni vurugu. Wakati ule kipa hakuwa na taaluma yake ya peke yake. Alivaa jezi sawa na wengine, na sheria inayomtaja kama mchezaji maalumu anayeruhusiwa kushika mpira ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iandikwe.

Jezi aliyovaa Kirke Smith siku hiyo ipo hadi leo. Kofia ya heshima ambayo Waingereza humpa kila anayeichezea timu ya taifa ilianza kutolewa mwaka 1886, kwa hiyo Ottaway hakuipata.

Tabia ileile ya kubahatisha inaonekana kwenye fainali ya Kombe la FA ya 1873, Oxford dhidi ya Wanderers, uwanja wa Lillie Bridge, London. Mechi ilianza asubuhi ya tarehe 29 Machi ili watazamaji wawahi kwenda mtoni kuangalia mashindano ya makasia ya Oxford na Cambridge. Hebu lifikirie hilo: fainali ya kombe la taifa ikapisha mitumbwi! Oxford walitanguliwa kwa bao la Arthur Kinnaird. Walipoona muda unakwenda, wakamtoa kipa wao Andrew Leach langoni na kumpeleka mbele, lango likabaki wazi. Charles Wollaston akafunga la pili. Katika kundi la watu walioizoea hesabu ya Eton, kumwongeza mtu mbele kulionekana ndiyo dawa, maana nguvu ya ukokotaji ni wingi wa wafuataji. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba nyuma pia pana hesabu yake.

Machi 1874 ndio mwezi wake mkubwa. Tarehe 7 alikuwa Glasgow tena kama nahodha. Uingereza ilitangulia kwa bao la Robert Kingsford, Waskoti wakarudisha na kuongeza, 2-1. Tarehe 14, wiki moja kamili baadaye, aliiongoza Oxford uwanja wa Kennington Oval katika fainali dhidi ya Royal Engineers, maofisa wa jeshi kutoka Chatham. Hao walikuwa kinyume cha Oxford: wanaishi kambi moja, wanafanya mazoezi, wanapigiana pasi. Wengi waliwapa ushindi wao. Oxford ilifunga mapema sana, Charles Mackarness dakika ya 10 na Frederick Patton dakika ya 20, ikalinda 2-0 hadi mwisho. Ndugu wawili wa familia ya Rawson walikutana uwanjani, William upande wa Oxford na Herbert upande wa wanajeshi. Tarehe 30 Ottaway akarudi Oval na Oxford ikaifunga Cambridge 1-0. Mechi tatu kubwa ndani ya siku 24. Tunaamini ushindi wa tarehe 14 ulitokana na jambo ambalo Uingereza haikuwa nalo mwaka 1872: baadhi ya kikosi kile walikuwa wamecheza pamoja misimu miwili, na Mackarness, Francis Birley na Robert Vidal walikuwa kwenye kipigo cha Lillie Bridge pia. Vidal alikuwa mkokotaji hodari kiasi cha kuitwa mwanamfalme wa wakokotaji, na sasa palikuwa na watu waliojua mpira utamtoka wapi.

Katika Oxford hiyohiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1870 walisoma Chauncy Maples na William Percival Johnson, ambao mwaka 1876 walikuja kwetu Afrika Mashariki na UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu. Shule ya misheni hiyo pale Kiungani ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo mpira kuchezwa Zanzibar. Soka lililofika pwani lilipitia mikononi mwa watu wa vyuo vya namna hii, waliouona mpira kuwa sehemu ya malezi ya kijana.

Fainali ya tatu ya Ottaway ilikuwa tarehe 13 Machi 1875, akiwa na Old Etonians, timu ya waliosoma Eton, na wapinzani walikuwa walewale Royal Engineers. Upepo ulikuwa mkali. Sheria ya wakati huo ilisema timu zibadilishane magoli kila bao linapofungwa, na kwa jinsi mabao yalivyopatana, wanajeshi walijikuta wakicheza dhidi ya upepo karibu mchezo mzima, wakapata upande mzuri kwa dakika 10 tu. Wakatoka sare ya 1-1. Ottaway aliumizwa kifundo cha mguu katika kipindi cha kwanza, akatoka. Mchezaji wa akiba hakuwepo katika sheria, kwa hiyo wenzake waliendelea pungufu. Marudiano yalichezwa siku tatu baadaye bila yeye, na Royal Engineers wakashinda 2-0.

Jeraha la kifundo leo lina barafu, bandeji ya kubana, picha ya eksirei na mtaalamu wa viungo. Mwaka 1875 lilikuwa na kitanda na subira. Hata hivyo kifundo peke yake hakitoshi kueleza kwa nini mtu wa miaka 24 aache. Mchezaji wa ridhaa alikuwa na saa inayogonga: akimaliza chuo, lazima apate kazi, na soka halikumlipa hata nauli. Malipo kwa wachezaji yalihalalishwa na FA mwaka 1885. Ottaway alikuwa anasomea uanasheria, akawa wakili mwaka 1876. Agosti 1877 alimwoa Marion Stinson, binti wa Hamilton, Ontario, mmoja wa miji ambayo kikosi cha Fitzgerald kilicheza kriketi mwaka 1872.

Mwanzoni mwa 1878 alitoka kwenye dansi usiku akapigwa na baridi, na baridi ikashuka mapafuni. Kichomi kabla ya dawa za antibayotiki kilikuwa kinaamuliwa na mwili wenyewe, na mwili uliobeba michezo mitano ulishindwa. Alifariki tarehe 2 Aprili 1878 na kuzikwa Paddington. Mkewe alikuwa mjamzito, na mtoto wao wa kike alizaliwa baada ya baba kuzikwa.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 2 Machi, Uingereza ilikuwa Glasgow tena. Waskoti, bado wakipigiana pasi, walishinda 7-2.